Namba ya Jani la Kahawa

Tulimzika Mwalimu Kinya Jumatano iliyopita huko Kianjai. Watu walipokuwa wakinawa mikono ili wale, binti yake aliniita jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino kwa sababu alikuwa amebeba sufuria mikono miwili, akaniambia mama yake ameniachia kitu. Kilikuwa bahasha ya kaki yenye jina langu, Nkatha, kwa wino mwekundu. Pembe moja ilikuwa imechanika, na ndani yake niliona karatasi ya manjano. Niliijua papo hapo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiandika. Nilishukuru, nikaitia mkobani, nikarudi kwangu Kaaga, nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Leo ni siku ya nne na bado iko pale. Nimefundisha hesabu mpaka nimewafundisha watoto wa wanafunzi wangu, na hao watoto wamenipa jina la utani wanalodhani silijui. Mimi si mtu wa kuogopa bahasha. Hii naiogopa, nakiri, na kabla sijaifungua nataka kuuandika mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne nikifanya kazi Embu.

Ya kwetu nitayaruka; kila mtu ana kwao. Jambo moja tu la utotoni ndilo linalohitajika hapa. Mwalimu Kinya alinifundisha hesabu darasa la sita na la saba, na alikuwa na desturi yake katika kusahihisha. Ukikosa, alichora alama ya X nyekundu, kubwa, isiyoweza kufutwa. Ukifanya masahihisho kwa kuambiwa, hakuandika kitu. Lakini ukiligundua kosa lako mwenyewe, ukalirudia chini bila kuambiwa, alichora alama ya vema, ndogo sana, kando ya ile X. X yenyewe haikuondoka. Mtu alipolalamika kwamba basi amepata, kwa nini alama ya kosa ibaki, Mwalimu alimwambia kwamba alikosa, na huo pia ni ukweli. Tuliitafuta ile vema ndogo kuliko tulivyotafuta alama kumi kwa kumi.

Kazi yangu Embu ilikuwa katika kituo cha kilimo ambacho sitakitaja, ndani ya chumba kilichowahi kuwa stoo ya mbegu. Harufu ya dawa ya mbegu haikutoka ukutani hata tulipopaka rangi mara mbili. Palikuwa na meza, dirisha la nondo, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kana kwamba ni redio ya sebuleni. Mkuu wangu alikuwa Daktari Ireri, mwenyeji wa Embu, mwembamba, msafi wa kola, ambaye hakuwahi kupandisha sauti na kwa hiyo tulimwogopa zaidi. Swali alilonipa lilikuwa hili: tone la dawa linapotoka kwenye pampu ya mgongoni na kuligonga jani la kahawa, linabaki au linavunjika na kwenda zake? Ugonjwa wa CBD, ule unaoigeuza buni changa kuwa nyeusi na kavu juu ya tawi, ulikuwa unawamaliza wakulima kila mvua ndefu. Walikuwa wakinyunyizia dawa ya kopa, ile ya madini ya shaba, mara sita kwa msimu, kwa nozeli, yaani ncha ya pampu, ya matone madogo kama ukungu, na nusu ya ukungu huo ulichukuliwa na upepo au uliingia vifuani mwao. Matone makubwa hayapeperuki. Kama yangebaki kwenye jani, wakulima wangenyunyizia mara tatu tu, na wanawake wangebeba nusu ya maji waliyokuwa wakiyapandisha mlimani kwa mgongo.

Tone halionekani likivunjika. Jambo lote hukwisha kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana tulilivunja ndani ya kompyuta. Niligawa nafasi juu ya jani katika vyumba vidogo kama vya daftari la hesabu, na mashine ikaenda chumba kwa chumba ikiuliza: wewe ni maji au hewa, unasukumwa wapi, na nani? Kisha ikasogeza muda kidogo sana na kuuliza tena. Tone moja lilihitaji siku nzima, tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, na umeme ulipokatika tulirudi mwanzo. Nilikaa pale nikisikiliza feni ya mashine kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua. Jioni nilikuwa na picha zangu: tone limetua, limetandazika kama chapati, kingo zimeinuka na kutoa vidole, vidole vimekatika, na kipande cha katikati kimejikusanya na kuruka. Jani la kahawa lina nta, linang'aa, halipendi maji. Kila mara mashine ilisema lile lile, kwamba tone kubwa halikai.

Shamba lilisema kinyume. Majaribio yetu yalifanyika kwa Mama Igoki, mjane mwenye mibuni mia mbili karibu na kituo, ambaye pia alinipangisha chumba nyuma ya jiko lake. Tulitandika karatasi nyeupe chini ya mibuni yake, tukanyunyizia matone makubwa, tukahesabu yaliyoanguka. Karatasi zilibaki karibu safi. Tulirudia mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Daktari Ireri alizitazama karatasi, akaitazama picha yangu, akavuta kiti akakaa. Mvua zilikuwa zimekaribia, na vyama vya wakulima vilikuwa vikingoja ushauri wetu kutoka Embu mpaka Meru. Alisema kwa sauti yake ya chini, "Nkatha, shamba haliwezi kudanganya. Hiyo programu yako kuna kitu haijui."

Ndani ya programu palikuwa na namba moja iliyoeleza jinsi jani linavyoshika maji. Niliianza kwa kiasi nilichokuwa nimekipima mwenyewe kwa jani na kipimo cha pembe, maji yakiwa yametoka bombani. Baada ya maneno yale niliipandisha kidogo. Tone likaruka. Nikaipandisha tena, siku nyingine nzima, likaruka kwa uvivu. Siku ya tano tone lilitandazika, likatetemeka, likabaki. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo nalisema wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nililazimishwa. Nilifurahi. Nilitoka nje nikanunua maandazi manne, nikayala yote. Katika programu, kando ya namba, kulikuwa na nafasi ya kuandika ilikotoka, nami nikaandika: imepimwa shambani. Haikupimwa popote. Niliitunga mimi ili mashine ikubaliane na karatasi.

Karatasi ya ushauri ilichapishwa kwa rangi ya manjano. Tumia nozeli ya matone makubwa. Changanya dawa na maji ya kawaida. Nyunyizia mara tatu. Chini yake palikuwa na majina mawili, la Daktari na langu. Jumamosi nakala zilipelekwa Kianjai, kwenye kiwanda cha kahawa cha nyumbani kwetu, nami nikaona fahari ambayo sasa inanitia haya. Niliwaza Mwalimu Kinya akilisoma jina langu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni kwa Mama Igoki nikinywa chai kabla ya kwenda kazini. Jiko lake lilikuwa la mbao, jeusi ndani kwa moshi, na kando ya moto palining'inia kibuyu cha uji wa wimbi, uji mchachu ambao alikunywa kila siku na kunishangaa mimi ninayetaka chai. Alimimina uliobaki kikombeni, akatia maji kibuyuni, akakitikisa, akatoka nje na kuyamwaga maji yale ya ukungu kwenye pipa la maji ya kunyunyizia. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Nilimuuliza kwa nini hakuyamwaga chini. Alinitazama kama mtoto mpumbavu.

"Unamwaga uji chini? Hiyo maji ndio inashika dawa. Hata mama ya bwana yangu alikuwa anafanya hivyo."

"Na siku zile tulipokuja na karatasi nyeupe?"

"Si mlichota hapa kwa pipa? Mlikuwa mnataka ingine?"

Chai ilinipoa mkononi. Nilichukua chupa mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya pipa lile, nikakata tawi la kahawa, nikaliegemeza ukutani nje ya chumba changu na kudondosha matone kwa bomba la sindano nikiwa nimesimama juu ya kigoda. Maji ya bomba yalivunjika, yakaruka, yakalowesha kiatu changu. Maji ya uji yalitandazika na kubaki. Nilirudia kwa majani kumi, kisha kumi mengine. Mashine haikuwa imekosa. Namba yangu ya kwanza ilikuwa sahihi. Jani lilikuwa jani, ila maji hayakuwa maji. Na Kianjai hakuna mtu aliyetia uji kwenye pipa la dawa. Kwetu kibuyu kilisuuzwa na maji yake yakapewa ndama. Watu wa kwetu wangeifuata karatasi yangu kwa maji safi ya mto, matone makubwa yangeishia ardhini pamoja na dawa, na kwa mara tatu badala ya sita CBD ingekula buni yote.

Daktari Ireri nilimpata Jumanne. Nilimuuliza kama alijua kwamba pipa la Mama Igoki lina uji. Alisema ndiyo, bila kusita hata kidogo. Nilimkumbusha kwamba kwenye fomu ya majaribio aliandika maji ya kawaida. Akavua miwani, akaonekana kweli haelewi ninachouliza. "Hayo ndiyo maji ya kawaida," alisema. "Hata kwa mama yangu yako hivyo." Nilimwona akilifikia jambo lenyewe polepole, kuanzia jikoni kwa mama yake hadi kwenye ile karatasi ya manjano, na uso wake ukabadilika. Nami nikamweleza la kwangu, namba na yale maneno mawili niliyoandika kando yake. Kisha akasema tusiharakishe. Hatuwezi kwenda kuwaambia wakulima habari ya uji bila ushahidi, watatucheka, na kituo kitafungwa. Niipe mashine tone la uji kwanza. Tukipata matokeo, tutaandika karatasi nyingine kwa utaratibu.

Lilikuwa jambo la busara, na mimi nilikuwa nalitaka. Ukweli ni huo. Niliketi mbele ya mashine Jumanne iliyobaki, nikaketi Jumatano kutwa, nikitafuta namba za uji: uzito wake, mnato wake, namna unavyokataa kukatika. Mawingu yalikuwa yakipanda kutoka upande wa Mbeere. Saa tisa ya Jumatano umeme ulikatika nikarudi mwanzo. Nilijiambia kwamba siku moja si kitu. Nilijiambia watu wa Kianjai ni wazito, hawanyunyizii mpaka wamejadiliana wiki mbili. Alhamisi mvua ilinyesha, ya kwanza, kubwa, na paa la mabati la stoo ile likapiga kelele hata sikusikia feni. Mchana ule nilirudi kwa Mama Igoki nimelowa, na sijui kwa nini nilimwambia kila kitu, nikiwa nimechuchumaa karibu na moto wake, maharagwe yakichemka. Alikuwa akichagua mawe kwenye wimbi na hakuinua macho.

"Matone uliyaona yakianguka?"

"Niliyaona."

"Kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa unangoja hiyo mashine ikwambie nini?"

Alisema tu kwamba mficha uchi hazai, akaniwekea maharagwe, na nilishindwa kuyala. Ijumaa sikwenda kazini. Nilifika Kianjai saa nne asubuhi nikiwa na chupa zangu mbili, maana nilijua Ijumaa ndiyo siku ya mkutano wa chama cha wakulima. Walikuwa wameketi kwenye mabenchi chini ya paa la kiwanda, pale kahawa inapopimwa, wanaume mbele na wanawake nyuma na pembeni, na sakafu ilinuka maganda yaliyooza ya msimu uliopita. Mwenyekiti alifurahi kuniona, akasema binti yetu amekuja mwenyewe kutueleza ile nozeli. Wakanipigia makofi. Nimesimama mbele ya madarasa maelfu tangu siku ile na sijawahi kuogopa vile.

Nilieleza. Nilidondosha matone juu ya jani mbele yao, ya maji safi na ya maji ya uji, na mwanamume mmoja alicheka akauliza kama kopa itataka na sukari pia. Wengine wakacheka. Kisha mwenyekiti aliuliza swali lililostahili kuulizwa: kama nilijua maji safi hayakai, kwa nini niliandika yanakaa? Ningeweza kumtaja Daktari. Ningeweza kusema ni mashine, na hakuna hata mmoja pale ambaye angebisha. Nilisema, "Namba niliitunga. Shamba na mashine vilikataa kupatana, nikatunga namba." Mwenyekiti akarudia polepole, uliitunga, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilinisumbua zaidi. Nikawauliza ni nani aliyekwisha kunyunyizia, na nikaomba Mungu pasiwe na mtu.

Mkono mmoja uliinuka, upande wa wanawake. Ulikuwa wa Mwalimu Kinya. Alisimama, kanga yake ikiwa imefungwa vizuri kama siku zote, akasema alinyunyizia Jumatano. Kopa ya mgao wake ilikwisha yote, na chama hakingegawa nyingine mpaka msimu ujao. Mvua ya Alhamisi ilikuwa imeosha kilichobaki. Hakungoja wengine kwa sababu aliliona jina la mwanafunzi wake kwenye karatasi, na hakuona haja ya kumjadili mtoto aliyemfundisha mwenyewe. Nilijaribu kusema kitu. Akasema, "Kaa chini, Nkatha. Umesema ya kutosha." Nikakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, kama darasa la sita.

Jumatano. Nilijua tangu Jumatatu. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi na jibu ni lile lile. Kama ningepanda gari Jumanne, badala ya kungoja umeme, kopa yake ingekuwa bado iko ndani ya mfuko. Kianjai nzima, isipokuwa shamba lake, iliokoka mwaka ule. Wengi walitia uji, wakacheka wakitia, na wengine walirudia nozeli yao ya zamani. Daktari Ireri hakunifukuza. Alitoa karatasi mpya, nyeupe, yenye neno uji ndani yake, na nadhani lilimgharimu zaidi ya anavyoweza kueleza. Mimi niliifuta ile namba, nikaandika ile niliyoipima, na kando yake ilikotoka kweli. Mwaka ulipokwisha niliacha kazi nikaenda kusomea ualimu.

Kabla ya hapo, buni ilipofika wakati wa kukomaa, nilikwenda kwa Mwalimu. Alikuwa shambani akikata matawi. Buni yake ilikuwa nyeusi, imekauka, imeshikilia tawi, na ukiigusa ilipasuka ikawa unga mkononi. Alinikaribisha, akanipakulia githeri, tukala mezani tukitazamana. Aliniuliza habari za Embu, kama kuna baridi. Nikasema iko kidogo. Sikuomba msamaha kwa kuwa nilidhani nikianza nitalia, na yeye hakulitaja, na mpaka leo sijajua kama lile neno lake la kiwandani, umesema ya kutosha, lilikuwa hasira au huruma. Tulionana mara nyingi baada ya hapo, kwenye harusi, kanisani, kwenye mikutano ya walimu. Hatukuligusa kamwe. Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kumuuliza, na Jumatano iliyopita nikashika udongo wa kaburi lake.

Nimeishusha bahasha. Karatasi ya manjano imekunjwa mara nne, na mikunjo imechakaa kwa kufunguliwa, ishara kwamba hakuiweka tu akaisahau. Juu ya mstari wa maji ya kawaida kuna X nyekundu, kubwa, imekwenda mpaka pembeni mwa karatasi. Mkono ulioichora ulikuwa na hasira, kalamu imetoboa. Chini ya jina langu ameandika tarehe, na ni ya Ijumaa ile ile ya mkutano. Niliitazama ile X mpaka macho yakaniuma, nikasema moyoni, haya, Mwalimu, ndiyo. Ndipo nilipoisogeza karatasi dirishani, na kando ya X, ndogo kiasi kwamba bila miwani nisingeiona, nikaona ile alama ya vema.